Lorine Arudi Darasa la Kwanza

Lorine Nekesa alikuwa mwalimu asiye na darasa. Kule Kimilili, miaka kadhaa kabla hajapanda ndege ya kwenda Riyadh, serikali ilikuwa imemtoa mbele ya ubao na kumkabidhi kata nzima. Kazi yake ikawa kuzunguka shule moja hadi nyingine kwa pikipiki, kukaa dawati la nyuma akimtazama mwenzake anavyofundisha, kisha kumvuta pembeni na kumwambia ukweli bila kumvunja moyo. Aliimudu vizuri. Alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa na sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali halafu akanyamaza, akakutazama, mpaka ukajikuta umejibu hata lile ulilokusudia kulificha.

Aliyemwita Riyadh ni Evans, aliyesoma naye chuo cha ualimu zamani. Evans alikuwa ametangulia Saudia na sasa alikuwa msimamizi wa mradi katika kampuni iliyopewa kandarasi ya kusaidia shule za umma za wasichana ziinue matokeo, hasa ya Kiingereza.

"Madam Lorine, huku wanatafuta mtu wa kazi kama yako," alimwambia kwenye simu. "Wewe njoo tu. Ikama, kile kibali cha kuishi huku, na mambo mengine ya kafili, yaani mdhamini, kampuni itashughulikia."

Lorine alizungumza na mumewe Norman, dereva wa matrekta ya miwa, mtu asiye na maneno mengi. Norman alifikiri siku mbili tatu, kisha akasema, "Watoto wamekua. Nenda ukaone dunia, mimi nitalinda boma." Akaenda.

Riyadh alikaa Al-Shumaisi, katika nyumba ya ghorofa aliyoshiriki na muuguzi Mkamba aitwaye Mwikali. Kila asubuhi gari la kampuni lilimpitia na kumpeleka shuleni. Mpango wa kampuni haukuwa na mambo mengi: mitihani ya majaribio kila wiki, masahihisho, kisha mitihani tena. Shule alizopewa zilikuwa za mitaa yenye wazazi waliosoma, na kabla mwaka wa pili haujaisha matokeo yakawa yamepanda mpaka ofisi ya elimu ikaandika barua ya pongezi. Evans alifurahi kupita kiasi. Alipoambiwa kwamba Jeddah, upande wa kusini, kulikuwa na shule tisa za wasichana zilizokuwa zikishika mkia kila mwaka, hakufikiri mara mbili.

"Utaenda wewe," akamwambia Lorine. "Fanya vilevile ulivyofanya hapa. Usibadilishe hata nukta."

Jeddah ilimpokea kwa jasho. Alikuwa amezoea joto kavu la Riyadh, lile linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Huku kila aliposhuka garini miwani yake ilifunga ukungu, akasimama barabarani kama kipofu mpaka aifute kwa pindo la abaya. Kampuni ilimpangia chumba Al-Hindawiyah, mtaa mkongwe wa vichochoro na maduka ya vitambaa, na ndani ya wiki moja akaupenda. Ulikuwa na kelele kama za soko la Kimilili. Mtu angeweza kwenda kununua mkate akasikia Kihausa, Kiyemeni, Kibangla na Kisomali kabla hajafika kwa mwoka mikate.

Na watoto wa shule zile tisa walikuwa watoto wa mitaa hiyo, wengine wakitoka hadi mtaa wa Karantina. Babu zao walikuja kuhiji kutoka Kano, Burma au Chadi, wakabaki, wakazaa na kujukuu. Nyumbani walisema lugha ya bibi, uani walisema Kiarabu cha mtaani, na vitabuni walikuta Kiarabu cha tatu ambacho hawakukisikia mahali popote isipokuwa darasani na msikitini.

Shule ya kwanza kuitembelea ilikuwa ya mudira Wijdan, mwalimu mkuu mfupi aliyevaa raba nyeupe na kutembea kama mtu anayekimbilia kuzima moto. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo alimweka kati yao Abla Rawabi, mwalimu kijana wa Kiingereza, awe anatafsiri. Huko Jeddah mwalimu wa kike huitwa abla, na tangu siku ile Lorine naye akawa Abla Lorin.

Mudira alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza jambo.

"Anauliza wewe ni wa ngapi," Rawabi akatafsiri huku uso umemwiva kwa haya.

"Wa ngapi wa nini?"

"Wa kutuletea mitihani."

Lorine akacheka, akadhani ni utani. Mudira hakucheka. Akammiminia chai, akamsogezea sahani ya tende, akasema kwa kifupi, "Yalla, anza."

Akaanza. Muhula mzima alizungusha mitihani ile katika shule zote tisa, kama alivyoagizwa. Walimu walitii. Wasichana walikaa kimya, kalamu mkononi, wakasubiri kengele. Matokeo yalipotoka hayakuwa yamepanda hata kidogo. Shule mbili zilikuwa zimeshuka zaidi.

Jambo lililomzindua halikutoka kwenye matokeo hayo. Lilitokea asubuhi moja shuleni kwa mudira Wijdan, alipoingia darasa la tano na Rawabi kuangalia somo la kusoma. Mwalimu wa Kiarabu akamwita msichana mmoja mrefu, Hajara, mjukuu wa Mhausa muuza njugu, asimame awasomee wageni. Hajara akashika kitabu kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaanza. Ilikuwa habari ya nyuki na kazi zao. Sauti yake ilipanda na kushuka mahali panapofaa, hakukwama wala kurudia neno. Lorine hakuelewa hata sentensi moja, lakini alijua usomaji mzuri unavyosikika, na Hajara alipomaliza akapiga makofi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Walipotoka nje Rawabi alikuwa amekunja uso.

"Mbona umenuna?" Lorine akamuuliza. "Yule mtoto anasoma kama mtangazaji wa redio."

"Abla Lorin," Rawabi akasema polepole, "kitabu alikifungua ukurasa mwingine. Ulikuwa ukurasa wa bahari. Kulikuwa na picha ya samaki."

Lorine akasimama palepale kwenye ukumbi. Alikuwa ameiona ile picha ya samaki. Aliiona kwa macho yake mawili, na haikumwambia chochote, kwa sababu maandishi yote yaliyouzunguka ule mchoro yalikuwa kwake mistari na nukta tu. Hajara alikuwa ameishika habari yote kwa kusikiliza wenzake wakiisoma, akaitoa kichwani kama ilivyo. Darasani mle walikuwamo watu wawili wasioweza kusoma ukurasa ule: mtoto wa darasa la tano, na mshauri aliyeletwa kutoka Riyadh kuinua matokeo yake.

Wiki ile hakupeleka mtihani popote. Yeye na Rawabi walizunguka shule nne, wakawaita wasichana mmoja mmoja uani, wakawapa aya fupi ya darasa la pili ambayo hawajawahi kuiona. Wengine walisoma. Wengi walibabaika, wakataja herufi mojamoja, wakakwama. Wengine walitazama chini wakisugua viatu. Karibu nusu ya wanafunzi wa darasa la nne na la tano hawakuweza kusoma aya ile. Na watoto hao ndio waliokuwa wakipewa kila wiki karatasi zenye maswali ya kusoma na kuchagua jibu.

Akampigia Evans simu.

"Hawajui kusoma," akamwambia. "Si Kiingereza tu. Kiarabu chenyewe."

"Pole kwao," Evans akajibu, "lakini kandarasi yetu ni ya Kiingereza, Madam. Kusoma Kiarabu kuna watu wake. Na hawa watu wa ofisi wanakuja kukagua katikati ya mwaka."

"Utamfundishaje mtu lugha ya pili kwa maandishi kama hajui maandishi ni nini?"

"Sikukutuma huko ukafungue kesi. Fanya ulivyofanya Riyadh."

"Riyadh walikuwa wanajua kusoma kabla sijafika, Evans."

Kisha Evans akasema ana mkutano, simu ikakatika.

Kesho yake Lorine akaenda kwa mudira Wijdan na ombi ambalo Rawabi alisita kulitafsiri, akamwomba alirudie ahakikishe amesikia sawasawa. Alitaka kukaa darasa la kwanza, kama mwanafunzi, ajifunze kusoma Kiarabu pamoja na watoto.

Mudira aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akatabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana.

"Kuna kiti kitakachokutosha?" akauliza.

Hakikuwepo. Walimletea kiti cha ofisini, magoti yakawa yanagonga dawati, na jirani yake akawa msichana wa miaka sita aitwaye Sundus, mwenye nywele za mikia miwili na ukali wa askari. Mwalimu wao alikuwa Abla Ibtihal, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri wa kupendeza ubaoni na wasiwasi mwingi wa kukawia. Kitabu kilikuwa na kurasa zake, kila wiki na herufi zake, na mkaguzi akija lazima akute mmefika panapotakiwa.

Wiki ya kwanza Lorine alijiona hodari. Alifu, be, te, hayo aliyabeba. Watoto walicheka mpaka wakaangukia madawati alipojaribu ile sauti ya koo la ndani, maana alitoa mlio kama mtu aliyepaliwa na mfupa wa samaki, na Sundus alimshika shavu akamwonyesha mdomo uwe vipi. Wiki ya pili akaanza kuona kwamba herufi ikikaa mwanzoni mwa neno ina sura moja, katikati ina nyingine, mwishoni nyingine tena. Akaandika hivyohivyo. Baadaye zikaja sauti mbili za "s" ambazo masikio yake hayakuweza kuzitenganisha, na asubuhi moja akahudhuria mkutano akakosa somo, na aliporudi wenzake walikuwa mbele.

Ikawa siku ya imla. Abla Ibtihal alisoma maneno, watoto wakaandika. Lorine aliandika neno la kwanza, la pili akalikisia, la tatu hakujua hata linaanza na nini. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto wanaonyoa ndevu. Akachungulia kwa Sundus. Sundus akaziba daftari lake kwa kiganja, kisha akamwona uso wake, akaondoa kidole kimoja kimoja. Lorine akanakili. Mwalimu alipouliza kama wote wameelewa, darasa zima likaitikia ndiyo, na Lorine akatikisa kichwa pamoja nao.

Alipotoka mle ndani aliketi kwenye ngazi akatafakari. Waliomfuata mwalimu bila shida walikuwa wale waliopitia chekechea, au wenye dada mkubwa aliyewafundisha nyumbani. Wengine walikuwa kama yeye. Walipotea wiki ya nne au ya tano, na wiki ile haikurudi tena, kwa sababu kitabu hakirudi nyuma. Walipanda darasa la pili wamepotea, la tatu wamepotea, wakajifunza mbinu za kutoonekana. Wenye akili kali kama Hajara walijifunza kukariri. Hakuna aliyewahi kuwaita wajinga, wala hakuna aliyewahi kuwasubiri.

Mudira Wijdan akamruhusu kuzungumza na walimu wote saa ya kifungua kinywa. Wakatandika plastiki sakafuni chumba cha walimu, wakaweka bakuli za maharage ya ful na mikate mipana ya tamis iliyokuwa bado inatoa moshi. Lorine alitaka jambo moja: kila siku, kipindi cha kwanza, madarasa yavunjwe. Wasichana wapangwe kulingana na wanachoweza kusoma, si kulingana na umri wao, na kila mwalimu achukue kikundi kimoja, awe wa hisabati, wa sayansi au wa michezo.

Mwalimu wa sayansi akaweka mkate chini. "Mimi nimesomea kemia. Sikusomea kufundisha alifu."

Mwingine akasema mtaala utachelewa. Mwingine akauliza wazazi wataambiwa nini. Halafu Abla Ibtihal, ambaye hakuwa amekula chochote, akasema, "Mimi ndiye wa darasa la kwanza. Kwa hiyo unasema kosa ni langu."

Rawabi akatafsiri.

"La," Lorine akajibu, akimgeukia Ibtihal peke yake. "Umepewa kitabu cha kumaliza na watoto ambao hawakuanzia mahali pamoja. Mimi nilikuwa mmoja wa walioanzia nyuma. Nilikaa mbele yako, mtu mwenye diploma, na nikapotea wiki ya nne. Hukujua kwa sababu sikukwambia. Uliponiuliza kama nimeelewa nikatikisa kichwa. Na ile imla uliyonipa nyota, nilinakili kwa Sundus."

Rawabi alipomaliza kutafsiri sentensi ya mwisho hakuweza kujizuia, akaangua kicheko. Mwalimu wa sayansi naye. Hata Ibtihal akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakawa yanamtikisika.

"Na mimi nilishangaa," akasema alipopata pumzi. "Mwandiko wako ulibadilika ghafla ukawa mzuri."

Mudira akapangusa mikono, akasimama. "Kipindi cha kwanza ni chenu," akasema. "Halas, yamekwisha. Tutaona."

Haikuwa rahisi. Siku za mwanzo wasichana walipishana ukumbini kama watu waliokosa basi. Mama mmoja alikuja na hasira, binti yake wa darasa la sita amewekwa na watoto wadogo. Mudira akaamua hapo hapo kwamba wakubwa wawe na vikundi vyao wenyewe, wasichanganywe na wadogo hata kama wanasoma kitu kimoja. Hajara alijifungia msalani siku mbili mfululizo asiende kwenye kikundi. Alijulikana shule nzima kuwa msomaji hodari, na sasa wote wangeona kwamba hajui kusoma.

Rawabi ndiye aliyekwenda kugonga mlango ule. Hakumkemea. Alimwambia, "Toka unisaidie. Nieleze ile habari ya nyuki, mimi nitaiandika." Wakakaa chini ya ngazi. Hajara akasema sentensi ya kwanza kama kawaida yake, kwa sauti ile nzuri, na Rawabi akaiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Kisha akamwomba aguse kila neno kwa kidole wakati analisema. Kidole cha Hajara kilienda kasi kuliko maneno, kikarudi, kikaenda tena. Mara ya tatu kikasimama kwenye neno moja.

"Hili ndilo nyuki," akasema.

"Umejuaje?"

"Liko hapa tena." Akalionyesha mwishoni. "Na hapa."

Tangu siku hiyo Rawabi aliwafundisha wakubwa wote kwa njia hiyo, kwa kuanza na kile walichokuwa nacho kichwani tayari, na walikuwa nacho tele: sura za Kurani, mashairi ya shule, matangazo ya runinga. Lorine alikaa nyuma akitazama, na akakiri moyoni kwamba wazo lile yeye asingeliwaza. Kimilili aliwapanga watoto katika vikundi, ndiyo, lakini hakuwahi kufikiri kwamba ugonjwa wa kukariri ungeweza kugeuzwa dawa.

Ukaja ukaguzi wa katikati ya mwaka. Evans alitua Jeddah na maofisa wawili, akakuta mwalimu wa sayansi anaimba silabi na wasichana wa darasa la nne, Abla wa michezo ana kikundi kingine uani, na mitihani ya Kiingereza ya kila wiki haijafanyika mwezi mzima. Matokeo ya majaribio ya mwisho yalikuwa palepale. Evans hakupayuka, hakuwa mtu wa kupayuka. Alingoja maofisa waondoke, akamkalisha Lorine kwenye gari lenye kiyoyozi.

"Madam, nilikuombea hii kazi," akasema. "Mimi pia nina watu juu yangu. Wakiniuliza Kiingereza kiko wapi, niwaambie nini?"

"Waambie kinakuja."

"Lini?"

Lorine hakutaka kudanganya, akasema hajui. Wiki iliyofuata akarudishwa Riyadh.

Aliondoka Jeddah na sanduku moja na moyo mzito. Mwikali alimpikia pilau, akamwambia angalau huku hakuna jasho. Lorine alimshukuru, akala. Aliamini kila kitu kitakufa akigeuza mgongo, maana ndivyo alivyoona mara nyingi Kenya: mradi unaletwa, unapigwa picha, mwenye mradi akiondoka walimu wanarudi kwenye mazoea yao.

Lakini mudira Wijdan hakuwa amekitoa kile kipindi cha kwanza kwa ajili ya Lorine. Aliendelea. Rawabi alituma ujumbe wa sauti kila Alhamisi, kwanza wa kulalamika, baadaye wa kuchekesha, baadaye wa kujisifu. Mvua kubwa iliponyesha Jeddah na shule zikafungwa kwa sababu barabara za kusini zilikuwa mito, walimu walitumia simu: kila msichana asome aya moja, arekodi, amtumie abla wake. Rawabi akamtumia Lorine mojawapo. Ilikuwa sauti ya mtoto ikisoma polepole, na nyuma yake bibi mmoja akimhimiza kwa Kihausa, kisha bibi huyo akiuliza kama na yeye anaruhusiwa kujifunza.

Mudira mwenzake wa shule ya karibu na Karantina alikuja kutembea, akakaa kipindi kizima, akarudi kwake akavunja madarasa. Akaja wa pili, wa tatu. Abla Ibtihal, yule mwenye wasiwasi, akawa anazunguka shule za wenzake siku za Jumatatu, akiwaonyesha walimu wa darasa la kwanza jinsi ya kugundua mtoto aliyepotea kabla hajajifunza kujificha. Kufikia mwisho wa mwaka shule saba kati ya zile tisa zilikuwa na kipindi hicho. Mbili zilikataa katakata.

Matokeo ya mwisho yalipotoka, Evans ndiye aliyempigia simu. Alianza kwa kukohoa.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

Shule sita zilikuwa zimepanda, nne kati yake kwa kiasi kikubwa hata ofisi ya elimu ikaomba karatasi zisahihishwe upya kwa kushuku udanganyifu, na zilipokaguliwa hazikuwa na kasoro. Moja ya zile saba ilishuka. Mudira wake alikuwa amehamishwa katikati ya mwaka na aliyekuja hakuwa na habari ya kipindi hicho. Kiingereza chenyewe kilikuwa kimesogea kidogo tu, hatua ya kuku.

"Kidogo," Lorine akasema.

"Kidogo, lakini hakijawahi kusogea kabla." Evans akavuta pumzi. "Ofisi wanauliza nani alianzisha. Nimewaambia ni wewe. Na wanataka tuanze hivyo huku Riyadh, zile shule za upande wa kusini ambazo hatukupewa mara ya kwanza. Nilikuharakisha, Lorine. Nilitazama tarehe ya ukaguzi tu."

"Ulikuwa na watu juu yako."

"Bado ninao," akasema, wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliosoma pamoja.

Lorine alikubali kwa sharti moja. Hakutaka yeye ndiye awafundishe walimu wa Riyadh. Alitaka waletwe Rawabi na Ibtihal, wenye lugha yao, waliofanya kazi hiyo kwa mikono yao wenyewe na kujua mahali inapochubua. Evans alihangaika na ruhusa mwezi mzima, akazipata.

Basi asubuhi ya mafunzo, katika ukumbi wa shule moja ya Riyadh, Abla Ibtihal alisimama mbele ya walimu wapatao sitini ambao hawakuwa wamemwomba aje. Akaeleza kuhusu mtoto anayetikisa kichwa. Mwalimu mmoja wa safu ya mbele akasema wazi kwamba mambo ya Jeddah ni ya Jeddah, huku watoto ni tofauti. Ibtihal hakubishana naye. Alimuuliza lini mara ya mwisho alimsikiliza kila mwanafunzi wake akisoma peke yake, mmoja mmoja, kisha akanyamaza, akamtazama, akasubiri. Mwishowe mwalimu yule akasema, "Sikumbuki." Wenzake wawili nyuma yake wakasema hata wao.

Kabla ya saa sita walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa, Rawabi katikati yao na kalamu ya ubao, kuhusu kipindi kipi kila shule ikitenge kwa kusoma, na kama mudira wa hapo atakubali wasichana wahame madarasa asubuhi au baada ya mapumziko. Hakuna aliyemwuliza Lorine chochote. Kiarabu chao kilikwenda kasi kuliko masikio yake, lakini alikuwa akisoma ubaoni kila Rawabi alichoandika, neno baada ya neno, midomo ikicheza.

Akatoka nje kwenye kivuli cha ukuta, akampigia Norman simu. Alimweleza yote, na Norman, kama kawaida yake, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo hurudi mwezi wa nane," akasema.

"Mwaka mmoja zaidi. Ukisema hapana, nitarudi."

Norman alifikiri. Trekta lilikuwa likinguruma karibu naye, akaliacha lingurume kidogo kisha akalizima.

"Nitakuja mimi huko likizo," akasema. "Nione hao watoto. Tafuta mahali tutakapolala."

Lorine akasema sawa, na kabla hajarudi ukumbini akamwandikia Mwikali kuuliza kama anajua nyumba yenye chumba cha ziada Al-Shumaisi.